Nyimbo ambazo hakuna aliyeniuliza kama nazitaka

Kuna watu wanakuuliza eti unapenda muziki gani, afu wanasubiri jibu kama vile ni kitu ulikaa chini ukachagua. Mi nikiulizwa hivyo huwa nababaika. Zile nyimbo nazozijua mstari kwa mstari, ambazo hata uniamshe usiku wa manane naimba mpaka mwisho, karibu zote sikuzichagua. Zilikuja tu. Zingine zilipita ukutani, zingine dirishani, zingine zilinikuta nimebanwa kwenye daladala nimeshika bomba, na zingine zililetwa na watu ambao mpaka leo sina mapenzi nao. Nimekuwa nalifikiria hili jambo tangu mzee wetu aumwe, hiyo habari iko mbele, ngoja kwanza nianze Magomeni.

Tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga, zile za kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani ndo kuna choo, bafu na majiko. Sasa kwa asiyezijua hizo nyumba, kuta za vyumba hazifiki juu. Zinaishia hapo katikati, juu ni wazi moja kwa moja mpaka bati, kwahiyo mtu akipiga chafya chumba cha mwisho wewe wa chumba cha mbele unamwambia afya. Ugomvi wa mtu na mkewe ni wa nyumba nzima. Na redio hivyohivyo.

Na redio yenyewe stesheni ilikuwa RTD. Watoto wa sasa hawaelewi kabisa, lakini mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini huku Bara hakukuwa na redio ya mtu binafsi, ni Radio Tanzania Dar es Salaam, ukichoka unavuka bahari kwa mawimbi unaisikiliza ya Zanzibar, basi. Ndo maana ukitumwa dukani ukaondoka wimbo unaanza, unaenda, unapanga foleni ya mafuta ya taa, unarudi, hujakosa hata mstari, maana kila dirisha unalopita linaimba kitu kilekile. Mtaa mzima unajua wimbo mmoja kwa siku moja. Hakuna mtu aliyekuwa "shabiki" wa wimbo, wimbo ulikuwa kama hali ya hewa, umenyesha tu na wote mmelowa.

Redio yetu ilikuwa National ya kanda, ya baba, na betri zake zikichoka zinaanikwa juu ya bati zipate jua, sijui kisayansi walikuwa wanawaza nini wale wazee lakini jioni inapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Kanda za kununua zilikuwa hela, na nyimbo nyingi za bendi zilikuwa zinarekodiwa palepale studio za RTD zinabaki mle, huzikuti dukani. Kwahiyo kaka yangu alikuwa anaazima redio ya pili kwa jirani, anaziweka zinatazamana, moja inapiga nyingine inarekodi, na sisi wote tunaambiwa tunyamaze. Nani anyamaze uani Magomeni? Kuna wimbo wa Marijani Rajabu mpaka leo nikiusikia redioni, ikifika ile sehemu gitaa linaingia peke yake, mi nasubiri sauti ya mama akiita mtu aje aepue maharage. Haiji. Wimbo unaendelea na nahisi kama kuna kitu wamekata.

Na zile salamu sasa, jamani. Mtu anaandika kadi, inasomwa na majina ya ukoo mzima kutoka Tunduru mpaka Musoma, afu mwisho ndo wanapiga wimbo nusu. Kulikuwa na Ugua Pole, ya wagonjwa waliolazwa, mama alikuwa haizimi ile hata kama hatuna mgonjwa. Alikuwa anasikiliza majina ya watu asiowajua na anajibu "Mungu awape nafuu" huku anachambua mchele. Mi nadhani nilijifunza kuhurumia watu nisiowajua pale, na ilikuwa ni kipindi cha muziki.

Sasa tuje kwenye vita vya ukoo wetu. Baba alikuwa Urafiki, kile kiwanda cha nguo walichojenga Wachina pale Ubungo, na mfanyakazi wa kiwanda wakati ule bendi yake ni Msondo, hakuna mjadala. Bendi ilianza 1964 kama NUTA Jazz, NUTA ndo chama cha wafanyakazi, chama kikabadilika kikawa JUWATA bendi nayo ikawa JUWATA Jazz, kikaja OTTU ikawa OTTU Jazz, yaani ukitaka kujua historia ya vyama vya wafanyakazi nchi hii fuata tu majina ya ile bendi. Baba alikuwa anasema mimi nakatwa ada kila mwezi, kwahiyo lile gitaa la solo kuna uzi wangu mmoja pale.

Baba mdogo naye alikuwa dereva wa jiji. Na Mlimani Park, Sikinde, iliyoanza 1978, ikaja kuchukuliwa na DDC ambalo ni shirika la jiji. Umeona sasa. Ndugu wawili, mama mmoja baba mmoja, kila Jumapili anakuja kula kwetu na wali haujashuka tumboni wameshaanza. Huyu anasema Msondo ndo Baba ya Muziki, yule anasema nendeni huko, ala zenu nzito, sisi tuna mpangilio wa sauti, sikiliza waimbaji wanavyopokezana. Kilichonichekesha nilipokua mkubwa nikaanza kufuatilia ni kwamba wanamuziki wenyewe wala hawakuwa na huo ugomvi kwa kiasi hicho. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba NUTA tangu mwanzo, 1978 akaenda kuianzisha Mlimani Park, baadaye akapita Safari Sound, akarudi Msondo, akazeekea huko mpaka anafariki 2014. Bitchuka naye kapita kotekote. Sauti ni zilezile zinabadilisha jukwaa, nyie mnanuniana sahani ya pilau.

Lakini ndo nilivyojifunza kusikiliza maneno. Maana zile nyimbo za dansi zina hadithi ndefu, nusu ya kwanza mtu anaeleza shida yake taratibu kabisa, mume kahama nyumba, ndugu kamdhulumu urithi, mtoto hasikii, na ukishamaliza kuhuzunika ndo inaingia chemko watu wanacheza. Mtoto wa miaka nane anajua masuala ya mirathi kutoka kwenye redio. Na tulikuwa tunaimba vitu hatuvielewi kabisa. Ule wa Remmy Ongala wa Mambo kwa Soksi, wa mwanzoni mwa tisini, RTD walikataa kuupiga kwa sababu unazungumzia kondomu waziwazi, matokeo yake ukawa unazunguka kwenye kanda mtaani na watoto ndo tukaushika vizuri kuliko wote. Tunaruka kamba tunaimba soksi, wazee wanatukaripia, sisi tunashangaa, kwani soksi si za shule? Nilikuja kuelewa nikiwa nimeshakuwa msichana, na wakati huo kwenye ile nyumba yetu vyumba viwili vilikuwa vimeshazika watu wa ule ugonjwa ambao ukitajwa ulikuwa unatajwa kwa kuinua vidole. Wimbo ulikuwa umekuja kutuambia mapema tu.

Mdundiko ndo sisemi. Ukipita mdundiko kwenye sherehe za Wazaramo, ngoma inatembea barabarani watu wanafuata, mtoto unafuata na wewe, unacheza unaenda, unashtuka uko Manzese huko jua limezama na waliokuwa wanapiga ngoma hawakujui. Karibu kila mtu aliyekulia uswahilini Dar amepotea na mdundiko au anamjua aliyepotea. Mama alikuwa anatufungia ndani kabisa akisikia inakuja.

Na mama mwenyewe wake ulikuwa taarab. Hapo ndo niwaambie ukweli, hakuna kitu kilinifundisha kuishi na watu kama vita ya kanda iliyokuwepo uani kwetu. Mama na jirani wa chumba cha pili walikuwa hawasemeshani, chanzo nasikia ni beseni, mi nilikuwa mdogo. Sasa miaka hiyo ya tisini vikundi viwili vya taarab, TOT na Muungano, ndo wanapigana mipasho, Khadija Kopa yuko TOT, Nasma Khamis yuko Muungano, mji mzima umegawanyika. Jirani asubuhi anawasha kanda yake, sauti juu, mlango wazi, anafagia taratibu mbele ya mlango wetu. Hasemi neno. Wimbo ndo unasema. Mama naye anasubiri, ana subira mama, anasubiri mpaka mchana watu wamejaa uani, anatoka na khanga mpya yenye maneno yake, anaweka kanda, anarudisha kwa penseli mpaka pale palepale anapopataka. Wanawake wote wanacheka chinichini. Na hakuna aliyemtukana mwenzie, ukienda kwa mjumbe unasema nini? Kwamba kapiga muziki?

Afu siku jirani alipofiwa na mama yake, mama yangu ndo alikuwa wa kwanza kuzima redio, na akatuzimisha wote wiki nzima, hata ya baba. Ile nayo ilikuwa salamu. Ukimya wa redio katika nyumba kama ile unasikika kuliko kelele.

Ukimya wa namna hiyo niliusikia tena kwa nchi nzima, Oktoba 1999 alipofariki Mwalimu. Wakati huo redio zilishakuwa nyingi, Radio One ipo, vijana tumeshapata pa kusikilizia rap, lakini zile siku ukizungusha kitufe chochote ni nyimbo za maombolezo, za kwaya, za Kapteni Komba na TOT, na tarumbeta. Nilikuwa binti wa shule, Mwalimu kwangu alikuwa picha ya ofisini kwa mwalimu mkuu, nisiseme uongo. Nilichokililia ni zile nyimbo. Mpaka leo ikifika tarehe 14 wakianza kuzipiga navurugika, na siwezi kukwambia namlilia nani.

Bongo Fleva ndo ungedhani sasa hapa niliamua mwenyewe, eeh? Nilikuwa na umri wake, nilikuwa na daftari la kuandika mashairi ya nyimbo kama wasichana wote. Ila hata hapo mwenye uamuzi alikuwa konda. Daladala zilikuwa na spika chini ya siti, unashuka miguu inatetemeka, na kilichoshinda kwenye daladala ndo kilichoshinda mjini. 2001 Profesa Jay alivyotoa Ndio Mzee, ile ya mwanasiasa anayeahidi kila kitu, hapakuwa na pa kukimbilia. Baba alikuwa anaiita hiyo yote uhuni, anasema hamna gitaa hamna tarumbeta mtu anasoma tu barua. Jioni moja namsikia bafuni anaitikia "ndio mzee". Nikanyamaza. (Na Profesa Jay mwenyewe si akaja kuwa mbunge, Mikumi, 2015. Sugu, mwanarap mwenzie, alishamtangulia Mbeya 2010. Hii nchi ina vichekesho vyake.)

Baada ya hapo maisha yakaenda haraka, chuo, kazi, ndoa, kwenye send-off yangu MC alipanga nyimbo zote kasoro moja na hiyo moja DJ hakuwa nayo. Nikapata mtoto. Na hapa kuna kitu kilinishangaza. Usiku analia, natakiwa kumbembeleza, nafungua mdomo, kinachotoka ni Sikinde. Sio hata Msondo wa baba yangu, Sikinde ya baba mdogo. Nyimbo za kubembelezea watoto nazijua moja mbili, zinaisha mtoto bado macho, basi naunganisha na habari za ndoa zilizovunjika na wanaume wasio na shukrani mpaka analala. Mwanangu amelelewa na malalamiko ya watu wazima wa 1983.

Tukajenga Goba. Geti, ukuta mrefu, vyumba vimejitenga, kuta zinafika juu vizuri kabisa. Simu ina nyimbo zote za dunia, nachagua mimi, nasikiliza mimi na earphone zangu kwenye gari la kazini, na ile programu kila siku inanipa nyimbo zinazofanana na za jana. Mwanzoni niliona raha. Sasa naona ni kama kula na mtu anayekukubalia kila unachosema. Jirani yangu wa kushoto nina miaka naye, sijui anasikiliza nini. Sijui hata akiwa na huzuni inakuwaje. Magomeni ningejua kabla hajafungua mlango.

Afu mzee akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakapotea, akawa anakuangalia anataka kusema unaona kabisa neno liko hapo, linatoka "eeh" tu, au linatoka neno jingine ambalo silo, anakasirika, anageukia ukutani. Mama alishatangulia mbele za haki kwahiyo tukamleta kwetu. Wale waliouguza mtu wa kiharusi nyumbani wanajua, sina haja ya kueleza ya kubeba na kuosha. Kwa mtu aliyekuwa anabishana kila Jumapili, kunyang'anywa ubishi ilikuwa ndo adhabu kubwa.

Kiwanja cha jirani wanajenga, mafundi wana redio yao wameitundika kwenye mti, inapiga kuanzia saa moja asubuhi, mi ilikuwa inanikera nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia wapunguze. Siku hiyo Jumamosi nimemtoa mzee nje anywe uji, redio ya mafundi wanapiga zilipendwa, ikaingia Sikinde. Mzee akaanza kuimba.

Sio kuguna. Maneno. Ubeti mzima, na kiitikio, kidogo anateleza kwenye herufi ila maneno yote yapo, sauti ya pili kabisa, ile ya kupokea. Nimeshika kijiko cha uji hewani. Mafundi wakaishia kuangalia juu ya ukuta. Wimbo ukaisha, akataka kuniambia kitu, akashindwa hata kuomba maji.

Yule dada wa mazoezi wa hospitali alivyokuja nikamweleza nikidhani nitamshangaza, akaniambia wanaona hiyo mara nyingi. Kwamba kwa watu wengi kuongea kunategemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, ndo ulioumia kwa mzee, ila kuimba kunatumia sana na upande wa kulia, kwahiyo mtu anaweza kupoteza kusema akabaki na kuimba. Akasema tuutumie huo mlango, tumfundishe kuomba vitu kwa kuimbaimba. Tunafanya. "Maji" anaipata sasa, kwa tuni. Maneno hayajarudi yote na sidhani yatarudi yote.

Ila mi swali langu lilikuwa lingine. Msondo tumempigia wiki nzima anaitikia vipande tu. Ule wa Sikinde kaumaliza wote. Mtu ambaye hajawahi kununua kanda yao hata moja, aliyekuwa akisikia inaanza redioni anatoka nje kuvuta sigara! Aliupata wapi? Nikiwaza naona, ni pale, ukuta usiofika juu. Ni redio ya jirani, ni baba mdogo anaimba akinawa mikono, ni usiku wa wikiendi dansi likipigwa DDC Magomeni Kondoa na upepo unaleta. Wakati anaulinda moyo wake na Msondo, Sikinde ilikuwa imeshaingia kwa mlango wa nyuma imekaa, inasubiri miaka.

Baba mdogo nilimpigia simu palepale. Kesho yake alfajiri yuko getini, kapanda bodaboda kutoka Mburahati na umri ule, hata salamu hajamaliza, anasimama mbele ya kaka yake anapiga makofi, "Kaka! Kumbe mwenzetu! Miaka yote hiyo umejificha!" Mzee akatikisa kidole cha mkono mzima, hapana, hapana, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikaona ile sura ya Jumapili ya ubishi. Wakaendelea hivyo mpaka chai, mmoja anaongea mmoja anatikisa kidole.

Basi tukamnunulia ile redio ndogo ya Kichina ya memori kadi, kazi ya kuweka nyimbo nikampa mwanangu, yuko kidato cha tatu, muda wote ana earphone masikioni. Nikamwandikia orodha, Msondo hizi, Sikinde hizi za kuchanganya kimyakimya, Marijani, na taarab mbili tatu za marehemu bibi yake. Akaweka zote vizuri. Katikati akachomeka singeli. Sio moja. Mzee anasikiliza Msondo ametulia amefumba macho, wimbo unaisha, inalipuka ile kasi ya Manzese, mtu anapiga kelele kama anafukuzwa na polisi, mzee anashtuka anatafuta kitufe kwa mkono mmoja, na kitufe ni kidogo hakioni, inabidi wimbo uishe wote. Nyumba nzima inacheka, na yeye mwishoni anacheka na mdomo wake wa upande mmoja.

Nimemwambia kijana azitoe. Anasema atazitoa wikiendi.